Goti Nililolizushia Maradhi

Kijana mmoja wa miaka ishirini na minne, mabega mapana kama kabati, niliandika hivi juu yake: "Huyu mzee anasubiri pensheni. Mwacheni apumzike." Mwingine, mrefu na mpole, aliyedondosha mipira mitatu katika mchezo mmoja: "Mikono imepakwa mafuta ya nazi. Mama yake tu ndiye atakayemchagua." Hawa ni watoto wa watu. Wanacheza mpira wa Kimarekani katika vyuo vya huko kwao, na hawajui kama niko duniani. Mimi naishi Spånga, pembeni mwa Stockholm, kazi yangu ni tiba ya viungo, na kila Aprili kwa miaka saba niliwapanga kuanzia wa kwanza hadi wa hamsini, nikawatukana mmoja mmoja. Niliipenda kazi hiyo kuliko ile inayonilisha.

Tulikuwa kumi: Wakenya, Watanzania, na Mkongomani mmoja asiyekubali jambo bila kubishana. Mchezo alituletea Mkenya aliyesoma Marekani kabla hajamfuata mkewe Sweden. Kila mtu ana timu yake kwenye simu, iliyojaa wachezaji wa kweli. Mchezaji wako akifanya vizuri kule Jumapili, wewe unapata pointi huku. Ligi yetu ni ya kudumu, maana yake ukishamchukua mchezaji ni wako mpaka umwache mwenyewe au miguu yake imwache. Ndiyo sababu kila Mei, vijana wapya wanapotoka vyuoni, tunakutana kuwagawana, na aliyeshika mkia ndiye anayechagua kwanza ili naye apate kuinuka. Ukikosea siku hiyo, unaishi na kosa lako miaka.

Mkenya huyo mwanzilishi aliweka pia sheria moja ngumu, nami niliishangilia kuliko wote. Atakayeshika mkia misimu mitatu mfululizo anaiacha timu yake, nayo inapewa mtu aliye kwenye foleni. Foleni haikuwahi kukauka.

Shemeji yangu alikuwa ameshika mkia mara mbili.

Ni Mkenya, dereva wa basi, anaishi Fittja. Alimuoa dada yangu, wakaachana, dada akahamia Malmö, na mimi na yeye tukaendelea kuitana shemeji kwa sababu hatukuwa na jina jingine la kuitana. Mpira ule hakuujua hata kidogo. Alichagua wachezaji kwa sura. "Huyu anaonekana amelelewa vizuri," angesema, na chumba kizima kingeangua kicheko, na sauti yangu ndiyo ingesikika zaidi.

Timu yake aliiendesha pamoja na binti yake, mpwa wangu, anayesoma uuguzi Uppsala. Baada ya talaka yule binti alimnunia baba yake, na kinyongo hicho hakikuisha. Hakumpigia simu siku ya kuzaliwa, hakuja Krismasi. Lakini msimu ukianza, kila Jumapili mchana alipanda treni akaja Fittja, wakakaa kwenye sofa moja wakipanga nani acheze na nani apumzike. Shemeji aliniambia mwenyewe, waziwazi: "Shem, hii timu ikienda, na yeye ameenda." Kwa hiyo nilijua. Nisije nikasema baadaye kwamba sikujua.

Na yeye aliniamini, hasa kwa habari za magoti. Miaka miwili kabla ya hapo aliteleza kwenye barafu nje ya gereji ya mabasi, goti likapinda vibaya. Nilimfanyisha mazoezi jikoni kwangu wiki kumi na mbili, nikimkaripia kila alipolegea. Siku niliyomwambia limepona, alishuka ngazi za ghorofa nne bila kugusa ukuta, akanipigia kelele kutoka chini kama mtoto aliyefaulu mtihani. Tangu hapo neno langu juu ya magoti likawa amri. Kwenye kundi letu la simu waliniita Daktari wa Magoti, na sikuwakataza.

Mwaka ule wa mwisho yeye alikuwa wa kwanza kuchagua, na mimi wa pili. Na kulikuwa na mkimbiaji mmoja. Katika miaka saba ya kuangalia video za vyuo sikuwa nimeona kijana anayepita katikati ya watu namna ile, mguu ukigusa ardhi na kuondoka kabla mlinzi hajaamua amkamate wapi. Yeyote aliyejua kidogo angemchukua wa kwanza. Mimi, mwenye orodha, mwenye ulimi, sikuwa nimetwaa ubingwa hata mara moja. Mganga hajigangi, walinitania, na utani huo uliniuma kuliko nilivyoonyesha. Nilimtaka yule kijana. Nilimtaka kwa uchoyo, kama mtoto anavyotaka kipande cha nyama kilicho kwenye sahani ya mwenzake.

Orodha ya kwanza niliyoandika ilimweka namba moja. Nikaifuta. Nikamshusha hadi namba sita, nikaandika: "Goti la kushoto limeoza. Nimeangalia anavyotua. Mwaka mmoja, kisha magongo. Namhurumia atakayemchukua." Goti lile halikuwa na kitu. Namba moja nikamweka mdakaji mmoja mwenye tabasamu zuri, kwa kuwa nilimjua shemeji yangu. Nikaituma kwa wote asubuhi, nikala kifungua kinywa, nikaenda kazini kunyoosha migongo ya watu.

Tulikutana Rinkeby, kwenye ukumbi wa chini wa wapangaji, jua la Mei likiingia kwa madirisha ya juu. Shemeji alileta chai ya maziwa kwenye ile chupa kubwa ya kundi, ambayo yeye ndiye aliyeitunza. Binti yake alikaa ubavuni kwake na simu mkononi.

Mkongomani akaanza: "Mais, lakini mimi sijaona goti lolote kwenye hizi video."

"Wewe unaona video," nikamwambia, "mimi naona kano."

Walicheka. Binti akainama, akamnong'oneza baba yake maneno kwa Kiswidi. Baba akatikisa kichwa, akamjibu kwa sauti ya chini, kisha akasimama na kumtaja mdakaji mwenye tabasamu. Hata hajaketi, nikamtaja mkimbiaji.

"Shem, na goti je?" akaniuliza.

"Nitajaribu bahati yangu."

"Mungu akusaidie," akasema, bila utani wowote, akanijazia kikombe.

Mkimbiaji alikimbia. Kuanzia Septemba alikimbia kila Jumapili, na mimi nikapanda mpaka juu, sikushuka tena. Mdakaji alidondosha mipira mpaka wakamweka benchi. Shemeji aliniandikia karibu kila wiki: "Goti linashikilia?" Nami nikajibu: "Linavumilia." Mara moja aliandika kwamba ameliombea kanisani. Nilisoma ujumbe huo kwenye treni, nikacheka peke yangu.

Desemba nikawa bingwa. Yeye akashika mkia mara ya tatu.

Kikao cha Januari tulikifanya ukumbi uleule. Shemeji alisimama, kofia ya kazi mkononi, akaomba abaki hata bila kura, au aishike timu pamoja na mtu mwingine, ili yeye na mtoto wapate tu kitu cha kupanga. Alisema hivyohivyo, mbele ya watu, mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Mwanzilishi alilegea. Nilimwona analegea, akaanza kututazama mmoja mmoja.

"Sheria ni sheria," nikasema. "Leo tukimhurumia huyu, kesho tutamhurumia nani?" Nikawa wa kwanza kuinua mkono. Baadhi walinifuata kwa sababu mimi ndiye shemeji yake, na kama ndugu mwenyewe amekata, mgeni atasemaje. Mkongomani peke yake alikunja mikono na kutazama mezani. Shemeji alitushukuru. Alipanga viti kabla ya kuondoka.

Mwezi wa pili nilikwenda Fittja kuchukua chupa ya chai. Bingwa ndiye mwenyeji wa kikao kinachofuata, na chupa bado ilikuwa kwake. Ningeweza kununua nyingine. Nilitaka ile.

Alifungua mlango akichechemea. Kwenye sofa palikuwa na blanketi moja limekunjwa na mto mmoja. Nikamuuliza binti hajambo.

"Ana mitihani," akasema. "Tangu Januari ana mitihani."

Nikamwambia aketi nilitazame lile goti, na tayari nilikuwa navua koti.

"Hapana, shem. Nimepata miadi kituo cha afya, pale vårdcentralen."

"Hao watakusubirisha mpaka kiangazi."

"Nitasubiri."

Akaingia jikoni, akarudi na chupa, ameiosha, ndani imekauka. Hakunipa. Aliishika kifuani kwa mikono miwili.

"Ile siku ya Rinkeby," akasema, "mtoto aliniambia, 'Pappa, det står inget om något knä.' Ametafuta kote kwa simu, hakuna pahali wameandika mambo ya goti. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia mjomba wako ndiye alinisimamisha mimi. Simu itamshinda aje?"

Neno la kuomba msamaha lilikuwa mdomoni, ningeweza kulitema. Lakini niliona nikilitoa nitakuwa nimeurudisha na ubingwa wangu, na sikutaka kuurudisha. Mpaka leo sitaki. Nilitazama viatu vyangu, theluji ilikuwa inayeyuka juu ya kapeti lake.

"Nakuuliza moja tu," akasema. "Hili langu. Wakati ulisema limepona, lilikuwa limepona kweli?"

"Lilikuwa limepona."

Ilikuwa kweli. Nililipima mara tatu wiki ile, nililikunja na kulinyoosha mpaka akaomba niache, na sijawahi kumponya mtu vizuri kama nilivyomponya yeye. Nikamwambia tena, kwa sauti kubwa kidogo, "Shem, lilikuwa limepona kabisa."

Alinitazama, kisha akalitazama goti lake.

"Sawa," akasema. "Watapiga picha, tutaona."

Akanipa chupa, akaniambia niishike kwa chini kwa sababu mfuniko umelegea.