Soma, Nafula

Hadi leo nikishika kipaza sauti, mwanangu, huikumbuka Jumapili moja katika kanisa letu la mabati pale mtaani Lucky Summer. Nakuandikia kwa sababu nimesikia wiki ijayo utawekewa mikono uwe mchungaji, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Mimi ndiye mkubwa, kwa hivyo niliacha shule darasa la sita nikasukuma mkokoteni sokoni Gikomba, wadogo zangu watatu wakasoma. Nafula, kitinda mimba, alisoma zaidi ya wote. Kanisa liliponichagua niliongoze, yeye akawa msomaji wangu, maana mimi nilisoma kwa kukwamakwama. Jumamosi, nikipiga shati pasi, alinisomea Neno mara tatu au nne mpaka nilishike. Jumapili alisimama kando yangu na Kitabu. Nikisema "Soma!" anasoma mstari, nami nahubiri. Kisha "Soma!" tena. Watu walipenda hivyo, na kusema kweli hata mimi nilipenda.

Siku moja, tukisalimiana mlangoni baada ya ibada, fundi mmoja wa viatu akanitania.

"Pasta, huyu dada yako akiolewa tutafunga kanisa ama tutamfuata?"

Watu wakacheka. Nafula pia alicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Jumapili iliyofuata nikamwambia, "Leo kaa nyuma na wenzako."

"Na kusoma?"

"Nitasoma mwenyewe."

Aliniangalia kidogo. "Sawa, pasta," akasema. Hakuwa amewahi kuniita pasta. Aliniita bro.

Nikasimama, nikafungua Kitabu, nikatamka mistari niliyoikariri. Na ni yeye aliyekuwa amenisomea jana yake. Watu wakaitikia amina, nikadhani nimeweza.

Mama Nasimiyu alibaki nikipanga viti. Alikuwa mama mzee aliyeuza mahindi ya kuchemsha nje ya viwanda vya Industrial Area, na alituombea tangu tulipowazika wazazi.

"Kijana wangu," akasema, "mimi sijui kusoma hata jina langu. Lakini mtu anayesoma namjua. Leo macho yako yalikuwa mlangoni, si kwenye Kitabu."

Nikaendelea kupanga viti.

"Huyo mtoto alisomeshwa na nani?"

"Na mimi, mama."

"Basi sauti yake unaionea haya ya nini? Hilo ni jasho lako linaongea, na wewe umeliambia likae nyuma."

Ungedhani nilijirekebisha siku hiyo hiyo. Wapi. Jumapili mbili zikapita. Nafula hakuja, akasema kiwandani anakofanya kazi wamempa zamu. Jumamosi hapakuwa na wa kunisomea, kwa hivyo nilirudia mahubiri yale yale ya zamani. Hata kuomba kulinishinda, maana kila nikipiga magoti niliuona uso wake. Mwishowe nikamkuta akifua nguo, nikamuuliza kama ni zamu kweli.

"Uliacha shule ili nisome," akasema bila kuinua kichwa. "Sasa nikisoma unaaibika. Nifanye nini, bro? Nisahau?"

Nilimwomba tu aje Jumapili, hata kama atasimama mlangoni.

Jumapili hiyo niliwaambia washirika yote: kwamba niliishia darasa la sita, kwamba siku ile sikusoma bali nilikariri, na kwamba nilimkosea dada yangu kwa sababu ya mzaha. Kisha nikaweka kidole kwenye ukurasa nikasoma polepole, silabi kwa silabi, kama mtoto. Kanisa lilitulia hata nikasikia mabati yakilia kwa jua. Mstari wa pili nikakwama kwenye neno refu. Nikajaribu mara tatu.

Neno hilo likatamkwa kutoka mlangoni. Nafula alikuwa amesimama pale.

"Njoo," nikamwambia.

Akaja mbele, akachukua Kitabu. "Nianzie wapi, bro?"

"Pale nilipokwama."

Yule fundi wa viatu ndiye aliyetangulia kusema amina.

Mwanangu, watakuita mtumishi, watakutengea kiti na soda baridi. Pokea kwa shukrani, lakini kiti hicho kisikufanye umfiche anayekusaidia. Usilolijua, sema hulijui, mbele ya hao hao unaowaongoza. Ukimkosea mtu wa nyumbani kwako, maliza naye kabla hujapanda madhabahuni. Na uwe na saa yako na Mungu ambayo hakuna mtu wa kukuitikia amina. Mimi kila asubuhi, kabla ya chai, husoma mistari mitano kwa sauti, kidole kwenye ukurasa. Nafula aliolewa na kanisa halikufungwa, maana alituachia wasomaji wawili aliowafunza mwenyewe. Jumamosi bado hunipigia simu nimsomee, naye hunisahihisha bila huruma.

Mungu aliyeniona nikiwa nyuma ya mkokoteni akutangulie. Akupe mdomo wa kulisema Neno lake na magoti mepesi kuinama, na utakapokwama asikose kukuwekea mtu mlangoni.