Mwaka Niliochagua Fasihi ya Kiingereza

Nilipomaliza kidato cha pili, shule ilitutaka tuchague. Miaka ile ya Ujamaa kila shule ya sekondari ilikuwa na mchepuo wake, na yetu, shule ya wasichana ya kutwa pale mjini, ilikuwa ya biashara. Tulitarajiwa tutoke tukijua kupiga taipu na kutunza hesabu, tukakalie viti vya mashirika ya umma. Lakini mwaka ule mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana aliyetoka chuo kikuu karibuni, aliomba apewe darasa dogo la fasihi ya Kiingereza kwa wale aliowaona wanaweza. Atakayeingia huko ataacha masomo ya biashara. Akatutaja majina, na mimi nikiwemo. Tukaambiwa tukafikiri likizo nzima, na siku ya kufungua shule atatupa mtihani wa kutupima.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji wengi, nyuma kidogo ya soko. Baba alikuwa kuli bandarini, na vumbi la magunia lilikuwa limeanza kumsumbua kifua. Mama alikaanga mihogo barazani siku mafuta yalipopatikana, na yasipopatikana alikwenda kupanga foleni kwenye duka la ushirika, mara nyingi bila kujua foleni ile ni ya sukari au ya sabuni. Na alikuwepo kaka yangu. Yeye alikuwa amemaliza kidato cha nne, akakosa kuchaguliwa kidato cha tano. Alikosa kwa kidogo tu, na nadhani ndicho kilichomuumiza. Angefeli kabisa angejua la kufanya.

Asubuhi alivaa shati lake moja jeupe akaenda kuzunguka maofisini. Hakuna nafasi. Akaacha kwenda kila siku, akawa anakwenda Jumatatu tu, kisha hata Jumatatu akawa anafua shati na kulianika bila kulivaa. Nilipomweleza habari ya lile darasa, alikuwa amelala kitandani ameangalia dari. Akakaa. Akaniuliza mwalimu amesema vitabu gani, mtihani utakuwa wa namna gani, nani wengine wametajwa. Sikuwa nimemwona akiuliza kitu kwa muda mrefu.

Kuanzia kesho yake akawa mwalimu wangu. Alikwenda maktaba kuu akaazima vitabu vya hadithi, na kwa wenye maduka akaomba magazeti ya Kiingereza waliyofungia bidhaa. Yalikuja na madoa ya mafuta ya maandazi na harufu ya dagaa, mengine yamechanwa katikati ya habari, naye akaniambia nimalizie habari ile kwa maneno yangu. Tulikaa kwenye ukumbi wa nyumba, wapangaji wakiturukaruka na ndoo zao. Tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri sikuruhusiwa kusema neno la Kiswahili. Siku moja mama aliniuliza chumvi imebaki kiasi gani, nikamjibu Kiingereza. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, chumvi haijui Kizungu. Njoo uniambie ipo au haipo." Kaka alicheka mpaka akashika ukuta.

Kilichonisumbua zaidi ni kile kineno chao kidogo, "the", kinachotangulia majina, ambacho sisi hatuna. Nilikiweka pasipotakiwa, nikakiacha palipotakiwa. Kaka hakuwa na kanuni ya kunipa. Alisema nisome kwa sauti mpaka sikio lenyewe likatae. Akawa ananisomea yeye, na hapo nilimwona mtu mwingine. Kwa Kiswahili alikuwa ameanza kunung'unika na kukatiza maneno kama anayeomba radhi. Kwa Kiingereza alinyanyua kichwa. Nilipenda zile hadithi, lakini nilipenda zaidi kumwona hivyo, na sijui hata leo nitenganishe vipi mapenzi hayo mawili.

Karibu na mwisho wa likizo, Ijumaa baada ya swala, tukiwa tunakula, baba aliuliza nitasoma kitu gani. Kaka akajibu kabla yangu. Baba alitafuna mpaka akamaliza tonge, kisha akasema hapingi shule, yeye ndiye aliyetuandikisha sote, ila anataka kuelewa.

"Akijua taipu, ipo siku atakaa kwenye kiti, feni juu yake," alisema. "Hiyo fasihi itamkalisha wapi?"

"Itampeleka kidato cha tano, baba. Itampeleka chuo kikuu."

"Na wewe Kiingereza chako kimekupeleka wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Baba alikuwa mtu wa kuuliza kitu akitaka jibu. Kaka alinawa mikono akiwa hajashiba, akabaki amekaa pale pale kwa sababu si adabu kuondoka baba yako akiwa bado anakula. Mama akasema chakula kinapoa. Mwishowe baba akasema mwenye shule ni mimi, niseme mwenyewe. Nikasema fasihi. Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye wali wake, na neno lile halikuzungumzwa tena.

Mtihani niliufaulu. Nilikimbia kutoka shule mpaka nyumbani kumwambia kaka, naye akaniambia nirudie tena, kwa Kiingereza.

Darasa letu lilikuwa chumba cha stoo kilichoondolewa majembe. Tulikuwa wachache, na kitabu kimoja kilisomwa na watatu. Mwalimu alipenda kazi yake. Nilikuwa narudi mchana namsimulia kaka tulichosoma, na yeye anakwenda maktaba kukitafuta ili anitangulie kusoma. Kwa wiki kadhaa nyumba yetu ilikuwa na furaha fulani, ndogo lakini ya kweli.

Ndipo ikaja ile kampeni ya kuondoa mjini watu wasio na kazi. Tuliisikia redioni, tukaona askari na mgambo wakisimama kwenye njia panda wakiuliza vitambulisho vya kazi. Baba alimkataza kaka kutoka. Alikaa ndani siku kadhaa, kisha mchana mmoja akatoka kurudisha kitabu maktaba, kwa vile muda wa kukirudisha ulikuwa umepita na aliogopa kufutiwa uanachama. Walimkamata Mtaa wa Msimbazi. Muuza kahawa anayetufahamu ndiye aliyekuja kumwambia mama.

Baba alitoka bandarini na nguo zake za kazi, akaenda kituoni akaonyesha kitambulisho chake. Ofisa wa pale alimsikiliza kwa heshima, akamweleza kwamba kitambulisho kile ni cha mzee mwenyewe, cha kijana kiko wapi? Baba akasema kijana amesoma, anamfundisha mdogo wake. Ofisa akauliza anafundisha shule gani. Baba alitusimulia hayo yote aliporudi, akikumbuka kila jibu, kama mtu anayetafuta mahali alipokosea.

Walimpeleka kwenye mashamba ya mkonge. Hatukupata habari zake msimu mzima. Aliporudi, alirudi kwa miguu sehemu ya njia, amekonda, viganja vimechanwa na miba ya mkonge, na homa isiyokwisha. Mama alimwogesha kama mtoto. Nilimletea kitabu tulichokuwa tukisoma, nikakiweka karibu na mto. Hakukifungua. Nilipomsemesha Kiingereza alinijibu, "Niache kidogo, mdogo wangu," na nikamwacha. Mgambo walikuwa bado wanapita, kwa hiyo mchana hakuvuka mlango wa uani. Alipopata nafuu, baba alimpandisha gari la Lindi, kwa babu, akalime korosho. Alimpeleka stendi yeye mwenyewe. Alisema huko angalau hakuna atakayemuuliza anafanya nini.

Nikabaki na darasa. Halafu mwalimu naye akaondoka. Tulifika asubuhi tukamsubiri, na mkuu wa shule akaja kutuambia kwamba amekwenda kufundisha nchi nyingine, kusini, ambako mshahara unatosha. Mkuu wa shule alikuwa mama mpole, na nilipokwenda ofisini kwake kuomba nirudi kwenye biashara hakunifokea. Alinichukua mpaka kwenye chumba cha taipu. Wasichana walikuwa wamekaa wawili wawili kwenye mashine, na mashine nyingine zimefunikwa kwa sababu riboni hazipatikani.

"Nikuweke wapi, mwanangu?" aliniuliza.

Akatuahidi mwalimu mwingine. Hakuja. Wenzangu wengine walihama shule, mmoja akaolewa. Sisi tuliobaki tulisomeana vitabu tulivyokuwa navyo, na vile tusivyokuwa navyo tulivisikia kwa majina tu. Nilijitahidi kusoma kwa sauti mpaka sikio likatae, lakini lilikuwa halikatai tena, lilikubali kila kitu.

Siku ya mtihani wa kidato cha nne nilipewa karatasi ya fasihi nikakuta nusu ya maswali ni ya vitabu ambavyo sikuwahi kuviona. Niliandika nilichoweza. Nilimaliza mapema, nikakaa nikitazama migongo ya wasichana wa biashara. Matokeo yalipotoka sikuwa nimechaguliwa popote, na taipu sikuijua. Baba hakusema lolote kuhusu uamuzi wangu, si siku ile wala baadaye. Heri angesema.

Kiangazi, barabara ya kusini ilipopitika, nilifuatana na mama kwenda Lindi. Njia nzima nilipanga namna ya kumweleza kaka. Tulimkuta chini ya mikorosho akiokota, amevaa kanzu iliyokatwa mikono, nywele zimekuwa nyingi. Tukamwamkia babu na shangazi anayekaa naye, tukasalimiana, mama akalia kidogo. Kaka aliuliza kama kifua cha baba bado kinamsumbua. Aliuliza habari za majirani. Habari za shule hakuuliza.

Mama alipoingia ndani nikamwambia, kwa Kiswahili, kwamba mtihani umenishinda, kwamba mwalimu aliondoka, kwamba vitabu havikuwepo. Aliendelea kutenganisha korosho na mabibo yake, mabibo upande huu, korosho kwenye kikapu. Nikafikiri hakunisikia, nikaanza upya.

"Nimesikia," alisema. Akakisogeza kikapu katikati yetu. "Shika kikapu upande ule, jua halijawa kali."

Tukaokota mpaka shangazi alipotuita kula.