Firigisi ya Mzee Wandera na Somo Langu la Glaikojeni

Sitaki kudanganya, hadi leo nikinusa mchuzi wa kuku wa kienyeji masikio yanapata moto. Marafiki wakinikuta pale Malaba wananiuliza, "Daktari, tumbo linaendeleaje?" na mimi nacheka nao, nitafanya nini, aibu hiyo niliipika mwenyewe nikaipakua mwenyewe.

Ilikuwa siku ya kwenda Busibwabo kujulishwa kwa wazazi wa Nafula, mchumba wangu. Mambo yakienda vizuri, babake, Mzee Wandera, angeniruhusu nirudi na watu wetu tuzungumze mahari. Yakiharibika, Nafula angebaki kwao na mimi nibaki na vitabu vyangu. Nasomea udaktari (sawa, uafisa wa kliniki, lakini nyumbani wanasema udaktari) na wiki hiyo nilikuwa na mtihani juu ya mtoto anavyojengeka tumboni mwa mamake, na kuna mahali palinichanganya vibaya sana: glaikojeni. Ni ile sukari ambayo mwili huifungafunga na kuiweka akiba. Mimi nilijua kazi hiyo ni ya ini, kumbe kitabu kinasema mwanzoni kabisa, ini la mtoto likiwa bado halijashika kazi, tumbo na utumbo wenyewe hujiwekea akiba hiyo, halafu vikikomaa inapungua. Nilisoma nikaelewa, nikafunga kitabu nikasahau nilichoelewa.

Basi chakula kikaletwa. Ugali wa muhogo na mtama, kuku, na mbele ya Mzee bakuli dogo la peke yake lenye firigisi na ini. Mama Nafula alikaa kando karibu na mlango, pamoja na Senge, yaani dadake Mzee. Tukaomba, halafu Mzee akaniuliza, "Sasa kijana, huko shule mnasoma nini hasa?"

Hapo ningesema "magonjwa, Mzee," nikala ugali wa watu kwa amani. Lakini nikafikiri, nikieleza vizuri wataona nina akili, na pengine hata mimi nitaelewa, nikatazama mezani nikaona vifaa vyote vipo, nikanyoosha mkono nikachukua firigisi kutoka kwenye bakuli la Mzee.

"Tuseme hii ni tumbo ya mtoto ambaye hajazaliwa," nikasema.

Wote wakaikodolea macho. Nikadhani glaikojeni imewashinda. (Mimi nililelewa na mama na dada watupu, kwetu firigisi ni ya aliyeiona kwanza, nani angeniambia kwamba kwenye boma hilo firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwanamke huipika tu, haionji?) Nikarudia polepole, nikiipungapunga hewani: "Ini bado haijui kazi. Kwa hivyo tumbo inajiwekea akiba yake, inaitumia kujijenga."

"Akiba ya nani?" Mzee akauliza, macho kwa firigisi.

"Ya tumbo, Mzee."

"Tumbo ya nani?"

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nafula, aliyekuwa ameketi kando yangu, akanikanyaga mguu chini ya meza, nami kwa akili yangu nikaona ananikumbusha kwamba somo la mimba ni la akina mama. Nikainuka, nikavuka chumba (na heshima ya mama mkwe, ya kutomkaribia, naijua, hata kwetu iko, sijui siku hiyo niliiacha wapi), nikaweka ile firigisi kwenye kiganja cha Mama Nafula.

"Shika, Mama, uone vile ukuta wake ni mnene."

"Woi!" Senge akapiga kelele. "Firigisi ya Mzee! Amepatia mwanamke! Na ni mama mkwe!"

Ndipo nikaelewa. Nilisimama katikati ya nyumba, mchuzi ukinitiririka hadi kwenye kiwiko, nikimwona Nafula akinitoka hivi hivi. Niliogopa hata kumtazama.

Mama Nafula alikuwa anaiangalia tu ile firigisi. Sijui amepika ngapi tangu aolewe. Halafu akaitia mdomoni, akatafuna, na firigisi haina haraka, kwa hivyo sote tukangoja.

"Wandera," akasema alipomeza, "kumbe hii kitu ni tamu hivi na umekuwa unanyamaza?"

Mzee akamtazama mkewe, akatazama bakuli lake, ambamo lilibaki ini peke yake. Mimi nilikuwa tayari kuaga.

"Kijana, keti," akasema. "Ukirudi na watu wenu, mulete kuku wawili. Na mtu asinifundishe nikikula."

Nimeapa, tangu siku hiyo nikiulizwa mezani nasoma nini, nasoma magonjwa. Tuliporudi kwa mahari nilibeba majogoo wawili wakubwa, nikajua deni limekwisha. Mama Nafula akawapika wote wawili, akapakua, na bakuli la Mzee likaja na firigisi moja.