Kipande cha Pili cha Doti

Kazi yangu ni kukaa na watu waliopoteza kiungo, katika hospitali moja mjini Lindi, na kuwafundisha kazi hiyohiyo vijana wa chuo cha udaktari wanaoletwa kwetu kwa mafunzo. Kitaaluma inaitwa saikolojia ya utengamao. Majirani zangu wa Mtanda, baada ya kuchoka na maelezo yangu, waliamua wenyewe kwamba mimi ni daktari wa mawazo, na jina hilo silikatai.

Mgonjwa ninayemkumbuka leo alitoka Njinjo, mkulima wa korosho na ufuta. Tawi la mkorosho alilokuwa akilikata lilimponda mguu wa kulia. Alichelewa kufikishwa kwetu, kidonda kikawa kimeoza, na mguu ukakatwa chini ya goti. Kidonda kilipona vizuri, akapimiwa mguu wa bandia. Akaukataa. Hakupiga kelele, aligeuza uso ukutani tu. Haikuchukua muda akamwambia mkewe afungashe vyombo arudi kwao, asijisumbue kukaa na maiti.

Hilo ndilo lililonitisha. Anayekataa mguu bado unaweza kubishana naye. Anayemfukuza mke anayempenda ameshaanza safari, na nimewahi kuona yanayofuata: chakula kinarudi kilivyo, dawa zinafichwa chini ya godoro. Mwanafunzi mmoja, binti makini wa Dar, alishauri tumwulize maswali yetu ya kawaida na pengine tumwanzishie vidonge. Hakukosea. Maswali tulimwuliza, na yote akayajibu hapana, hata tulipomwuliza kama anatusikia.

Mimi Mngoni, yeye Mmatumbi, na sisi ni watani. Wageni hudhani utani ni mzaha mtupu, kumbe ndani yake mna ruhusa. Mtani huingia msibani akasema mbele ya wafiwa maneno ambayo ndugu wa damu akiyasema atapigwa, na wafiwa hawana haki ya kununa. Darasani hilo silifundishi, maana sijui mtihani wake ungeandikwaje. Lakini wodini nalitumia.

Asubuhi moja niliingia na wanafunzi nyuma yangu, nikavuta kiti, nikajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mtani," nikamwambia, "nimekuja na kinyongo. Mguu umefariki, mmeuzika, na mimi sikuitwa. Nani kauosha? Nani kachimba kaburi? Au mliharakisha ili msinipikie wali wa matanga?"

Wanafunzi waliacha kupumua. Mimi nilitegemea atanitukana, na tusi lingetosha kwa kuanzia. Akageuka kutoka ukutani, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza.

"Haukuzikwa," akasema. "Mmeuchoma nyie. Kaka yangu kaniambia. Mmenichoma moto ningali hai, halafu mnataka nivae mguu wa mpira."

Damu ilinipanda. Hospitalini kwetu kiungo kikikatwa hukabidhiwa ndugu wakakizike, na hakuna muuguzi asiyejua hivyo. Nilitaka kumkatalia palepale. Kisha nikamtazama mkewe, aliyekaa miguuni pa kitanda kama kawaida yake. Alijifunga khanga ya njano kiunoni, ileile ya kila siku, na kichwani alikuwa na mtandio mweusi usioendana nayo. Khanga hununuliwa doti, vipande viwili, na mwanamke wa huku akija mjini huvaa vyote viwili. Nililiona hilo tangu nilipoitwa kumwona baada ya mguu kukatwa, nikadhani ni shida za safari. Sasa machozi yalikuwa yakimdondokea mikononi.

"Haukuchomwa, baba," akasema. "Umelala Njinjo, ubavuni kwa marehemu baba yako. Shemeji kaubeba mwenyewe, kaupakata kwenye basi mpaka Nangurukuru, akaunganisha hadi nyumbani. Ndugu zako wakasema usiambiwe. Eti ukijua umelala pale, na wewe utaufuata."

Mumewe alimgeukia.

"Nani kauosha?" akauliza. Swali langu la utani, sasa analiuliza yeye.

"Mimi. Shemeji aliogopa. Nimeuosha kwa maji ya uvuguvugu, kile kidole chenye kovu la jembe nikakiosha mwisho. Sanda hatukuwa nayo. Nikauvika kipande cha khanga yangu."

Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya kundi la wanafunzi. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Binti wa Dar alinyanyuka ampelekee maji, nikamzuia kwa jicho. Nilitaka aone kwamba kuna kilio kisichohitaji kusaidiwa.

Wale ndugu zake niliwakasirikia sana. Walidanganya kwa mapenzi, najua, lakini kwa mapenzi hayohayo walimlaza mtu na moto kitandani mwake. Wanafunzi waliponiuliza nilijuaje pa kugusa, niliwaambia sikujua. Nilikwenda kumchokoza, na mkewe ndiye aliyekuwa na jibu.

Baada ya hapo aliomba mguu uletwe. Hakuufurahia, na hakuna anayeufurahia. Aliuvaa amekunja uso, akashika vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea, akaanza. Mkewe alisimama mwisho wa vyuma akimngoja. Jasho lilimtoka mpaka shati likamganda mgongoni, na nusu ya njia nilidhani atakaa chini. Hakukaa. Alipomfikia mkewe aliachia chuma kimoja, akashika pindo la ile khanga ya njano.

"Kipande hiki usikichakaze," akamwambia. "Kiweke. Siku yangu ikifika, nivike wewe mwenyewe."

Mkewe aliinama, akamfunga vizuri kiatu cha mguu mpya, maana kilikuwa kimekaa upande.