Karanga za Mbegu

Karanga iliyokaa juu ya moshi wa kuni tangu mavuno hadi karibu na masika ina harufu yake, na mimi sijaikuta tena mahali popote. Si harufu ya karanga zinazokaangwa pale stendi ya Korogwe, zile zinazomfuata abiria mpaka ndani ya basi. Hii ilikuwa harufu ya masizi na udongo mkavu, na mafuta kidogo kwa mbali, na ilishuka kutoka kwenye uchaga wa jiko la bibi yangu kule Sindeni, Handeni. Nilikuwa na miaka tisa. Baba na mama walikuwa vibarua wa mkonge upande wa Korogwe na chumba chao kilikuwa kimoja, kwa hiyo mimi niliachwa kwa bibi. Uchaga ulikuwa dari ya fito iliyojengwa juu ya mafiga, na hapo bibi aliweka kila kitu alichotaka kukinga na wadudu: mahindi ya mbegu yaliyofungwa pamoja kwa majani yake, kibuyu cha kunde, na kapu moja la ukindu lenye karanga ambazo hazijamenywa. Kapu hilo halikuguswa na mtu. Lilipandishwa baada ya mavuno na kuteremshwa mvua inapoanza, basi.

Zilikuwa karanga ndogo, za mviringo, ngozi yake nyekundu iliyokolea. Bibi alizipata kwa mama yake, naye alizipata kwa mama yake. Majirani walikwisha kuziacha zamani, wakapanda zile kubwa nyeupe kwa sababu zilijaza gunia upesi na wachuuzi walizipenda. Bibi aling'ang'ania zake. Alisema zile kubwa ni za kuuza na hizi ni za kula, na mtu asiyejua tofauti hiyo amelelewa vibaya. Kila mwaka aligawa mbegu yake mafungu mawili. La kwanza alilipanda mvua ya mwanzo ikinyesha, la pili akalirudisha juu akasubiri, kwa maana mvua ya Handeni ina tabia ya kupiga hodi na kuondoka. Fungu la kwanza likiungua na jua, la pili lipo. Hakuwahi kupanda yote kwa pamoja hata siku moja, na aliwacheka waziwazi waliofanya hivyo.

Kwetu tulikula mara mbili, uji asubuhi na ugali jioni, na bibi hakuwa na neno la kitu cha kati. Tumbo si ghala, alisema, halijazwi kila saa. Ila alikuwa na sheria moja ya ajabu ambayo watoto wa pale tuliipenda sana: cha porini hakihesabiwi. Ukila zambarau ukarudi na ulimi wa bluu, hujala. Ukila ukwaju, mabungo, embe ng'ong'o, hata ukishiba mpaka ukashindwa kuinama, bado hujala, na ugali wako wa jioni unakungoja. Kwa sheria hiyo tulikua vizuri tu. Hakuna aliyetuambia kwamba matunda yana faida mwilini, sisi tulijua yana utamu na hayana mwenyewe.

Mwaka huo vuli haikunyesha. Mizambarau ilitoa maua yakadondoka, mikwaju ikazaa vijiti, na kuanzia Januari pori lote lilikuwa rangi ya vumbi. Uji wa asubuhi ukawa mwepesi wa kuonea sura. Nilitoka shule nikitembea karibu saa nzima juani, na nilipofika nyumbani saa tisa bibi alikuwa bado bondeni akichimba maji. Nyumba ilikuwa kimya, jiko lina joto la majivu, na ile harufu inashuka. Mwenye njaa hana miiko. Siku ya kwanza nilipanda juu ya kinu nikachukua karanga tano tu. Mchovya asali hachovyi mara moja, na mimi nilichovya kila siku ya shule kwa muda wa wiki sita.

Nisichokisamehe si ule ulaji, ni akili niliyoitumia. Niligundua kwamba ukibana ganda la karanga kwa ncha ya kucha linafunguka upande mmoja tu, unatoa punje zake, kisha unalifunga likabaki zima. Nikazila punje na kurudisha maganda kapuni. Nikayachanganya, yale mazima nikayaweka juu. Kapu likabaki limejaa vilevile na mimi nikajiona fundi. Wahenga wanasema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilikimaliza kibaba kwa haba na haba hizohizo, na kibaba kikaendelea kuonekana kimejaa.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku mmoja wa Machi. Asubuhi yake bibi alijifunga kanga kiunoni, akanyoosha mikono kwenye uchaga akiimba, na alipolibeba kapu wimbo ukakatika. Lilikuwa jepesi. Aliketi kwenye kigoda, akachukua karanga moja akaimenya, akachukua nyingine, na nyingine, akiweka maganda matupu upande wa kushoto. Nilisimama mlangoni na sare yangu ya shule. Ilimchukua muda mrefu kwa sababu alizimenya zote, moja moja, asije akaikosa hata moja yenye kitu ndani. Mwisho wake kulikuwa na punje za kujaa kiganja kimoja.

Nilingoja fimbo. Kweli niliitaka, maana fimbo ina mwisho. Bibi akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Njaa yako ilikuwa inakuja saa ngapi?"

"Saa tisa, bibi."

"Kila siku?"

"Kila siku ya shule."

Akatikisa kichwa. "Mdomo wa kula unao. Wa kuomba uliuacha wapi?"

Nadhani niliona kwamba kumwomba ni sawa na kumwambia kwamba hana kitu. Bibi aliinuka, akazipanda zile punje zote kwa siku moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, kwa sababu kiganja hakigawanyiki mafungu mawili ya maana. Mvua ilikaa siku nne ikaondoka. Miche ilitoka, mizuri, nikaihesabu mwenyewe nikiomba dua, halafu jua likaichoma mbele ya macho yetu. Tuliimwagia maji ya kuogea, tukaifunika kwa nyasi, haikusaidia. Mwezi wa Aprili mvua ya kweli ikaja, ile ya kulala na kuamka nayo, na kijiji kizima kikashuka shambani. Bibi akapanda mahindi na kunde. Kile kipande cha karanga alikilima pia, akakiacha wazi. Alituma ujumbe kwa mdogo wake aliyeolewa Mkumbara, ambaye bibi aliwahi kumgawia mbegu zile, na jibu likarudi kwamba huko nao walihamia zile kubwa miaka mingi iliyopita.

Bibi alikuwa na mazoea ya kuniita mke mwenza, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ingawa babu alikwisha kufariki. "Mke mwenza, lete maji. Mke mwenza, leo umependeza, unataka kuninyang'anya mume?" Kuanzia siku ile ya kapu aliniita kwa jina langu. Kwa upole tu, lakini kwa jina. Hakuna adhabu iliyowahi kuniuma namna hiyo. Majuto ni mjukuu, wanasema, na nyumba ile ilikuwa na mjukuu mmoja tu. Hata hivyo kila saa tisa, tangu kesho yake, nilikuta kitu chini ya ungo jikoni: kipande cha muhogo wa kuchemsha, au boga, au kunde zenye chumvi kwenye kikombe. Siku ambayo hapakuwa na kitu, bibi mwenyewe alikuwepo, amewahi kurudi, na aliniambia wazi, "Leo hakuna, tukae." Tulikaa. Ni wakati wa mavuno ya mahindi ndipo aliponiita tena mke mwenza, na nililia palepale na hindi mdomoni.

Sasa naishi Korogwe mjini na nina mtoto wa kiume wa umri ule niliokuwa nao. Juzi muuguzi wa kliniki alitukusanya wazazi akatuambia kwamba mtoto apewe kitu kidogo kati ya mlo na mlo, ila kiwe tunda, au karanga, au muhogo, si biskuti na maji ya rangi. Baba mmoja akabisha kwamba sisi tulikua bila hayo, tulikula mara mbili na tuko hai. Watu wakacheka. Najua kitu cha saa tisa kinahitajika, nimekipima kwa tumbo langu mwenyewe. Lakini mwanangu saa tisa yake haimfikii. Hutafuna tangu asubuhi, pakiti moja ikiisha nyingine inafunguliwa, na sijawahi kumwona akikaa na njaa yake hata dakika kumi akimngoja mtu arudi. Namwonea huruma, kisha najicheka kwa kumwonea huruma mtoto aliyeshiba.

Bibi ametutoka siku nyingi. Kila nikienda Handeni napita sokoni nikiuliza karanga ndogo nyekundu. Vijana hunionyesha zao na kuniambia zote ni nyekundu, mama, chagua. Mara ya mwisho nilimkuta bibi mmoja mzee sana ameketi nyuma ya beseni la karanga. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza: za mviringo, ngozi iliyokolea, punje mbili kila ganda. Uso wake ulichangamka. Alizijua. Akashika mkono wangu.

"Hizo tulizila, mwanangu. Zote. Nani angeweka mbegu juu ya dari na mtoto ana njaa chini yake?"

Nilinunua kilo moja ya zile kubwa, nikamshukuru. Nilitaka kumwambia kwamba yupo aliyeweka, alilala na njaa yake chini ya lile kapu msimu mzima na hakugusa hata moja, na kwamba mtoto wa nyumba hiyo ndiye mimi.