Mwanamke Aliyeitwa Fizi

Nilipomaliza masomo ya jioni ya kompyuta kule Kakoba, nilirudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, na cheti chenye muhuri mpana kama sahani ya ugali, na kiburi kisichopita mlangoni. Wiki hiyohiyo nikaunda programu ya kutafuta watu katika orodha ya waumini wa kanisa letu pale Base Camp. Unaandika jina, kompyuta inakuonyesha mtu anakaa wapi.

Ila kwetu jina moja hubebwa na akina mama elfu kumi. Nikaongeza sehemu ya pili ya kujaza: mahali mtu alikotoka Kongo. Nikajiona profesa.

Ndipo akaja mama mmoja aliyekuwa akilima upande wa Rugaaga. Alikuwa anamtafuta mdogo wake waliyepotezana naye njiani wakikimbia. Nikaandika jina, nikaandika Fizi, kwao kule Kongo. Kompyuta ikajibu: Hakuna. Nikarudia. Hakuna.

“Mutoto,” mama akasema, “balimuona kwa foleni ya maji, na macho yao. Mashini inasema hayuko. Nani muongo?”

“Mama, kompyuta haidanganyi,” nikajibu, mimi mjinga mwenye cheti.

Mama akainuka. “Basi alikufa. Nirudilie shamba yangu.”

“Tuombe,” akasema mchungaji wetu, aliyekuwa ameketi kando.

“Mchungaji, tuombe mafuta ya jenereta kwanza. Mama, ngoja kidogo!” nikasema.

Nikazima, nikawasha. Nikalaumu jenereta, nikalaumu waya, nikamlaumu Shetani mbele ya mchungaji ili anisaidie. Mwishowe nikafanya lile ambalo mwalimu wetu alilihubiri kila jioni: nikaiamuru kompyuta inionyeshe swali lenyewe, yaani maneno inayoyatumia kutafuta kwenye orodha, baada ya kujazwa. Lo! Ilikuwa inamsaka mwanamke aitwaye Fizi, mzaliwa wa mji wenye jina la yule mdogo mtu.

Katika swali niliacha nafasi mbili wazi, ya kwanza ya jina, ya pili ya mahali. Kompyuta haina akili: inazijaza kwa mpangilio uleule unaoutumia kuikabidhi vitu. Nami niliikabidhi kama tunavyosalimia kanisani, ambako mgeni akisimama hutaja kwanza alikotoka, ndipo aseme yeye ni nani. Kompyuta haikulelewa kanisani kwetu. Wala haikulalamika. Ilitafuta upuuzi kwa utiifu wote, ikaukosa.

Nikabadilisha mpangilio. Kwa haraka nikakosea kuandika mara saba.

“Yuko Juru, hapahapa kambini,” nikasoma. “Na watoto wawili.”

“Haleluya, maombi yamejibiwa!” mchungaji akapaza sauti. Nikamwachia ushindi wake.

Mama hakumsikia. “Bawili?” aliniuliza. “Tuliachana akiwa na mumoja.”

“Wawili, mama. Wa pili ni mchanga.”

Hakuaga. Alifunga kitenge vizuri, akatoka mbio, akapanda boda ya kwanza aliyoikuta, na kijana mwenye pikipiki hakupata hata nafasi ya kutaja bei.