Milango ya Basi Niliyoipima Uani

Mwanangu na mke wake waliponunua basi kuukuu, nilidhani wanataka kubeba abiria. Kumbe waling'oa viti, wakaweka kitanda nyuma, jiko la gesi katikati, na kitanda kingine nyuma ya dereva. Wao huuza nguo minadani, leo Sepuka, kesho kutwa Nduguti, na walikuwa wamechoka kulala chini ya turubai. Kitanda cha mbele, waliniambia, ni changu. Tangu mke wangu afariki nilikuwa naishi peke yangu hapa Mkiwa, nikisonga ugali wa mtu mmoja.

Nilitaka kwenda nao. Lakini kwetu baba mkwe hakai mahali anapoona kitanda cha mkamwana wake. Nyumbani ni rahisi, mzee ana chumba chake ng'ambo ya ua. Ndani ya basi, ua uko wapi?

"Ndiyo maana tunataka milango ya kuteleza pembeni, baba," mkamwana wangu alisema, macho chini. "Mmoja wetu, mmoja wako. Ikifungwa yote, wewe uko kwako na sisi tuko kwetu."

"Na hodi nitapiga wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango unaokimbilia ukutani?"

Akaziba mdomo kwa kanga asicheke.

Mimi ni seremala. Nimetengeneza milango mingi, yote ya bawaba, lakini humo mlango wa bawaba ungegonga jiko. Huu ulitakiwa kuning'inia kwenye reli kwa vigurudumu na kwenda pembeni. Sikuelewa vizuri, na sikuuliza. Basi lilikuwa limeegeshwa uani kwangu, tairi za kushoto zikiwa chini kidogo kuliko za kulia. Niliweka pima maji, ile rula yenye kichupa cha maji ndani, kwenye reli, nikainua na kushusha mpaka povu likakaa katikati.

"Baba, pima kutoka sakafuni," mwanangu alisema. "Basi halikai mahali pamoja."

"Pima maji hii ilikuwa inasema kweli kabla hujazaliwa."

Milango ilipokaa, chini yake upande wa kushoto palibaki mwanya mpana kuliko kulia. Jambo hilo lilinitatiza. Nikasema sakafu ya basi imepinda, nikabandika kipande cha mbao kwenye kila mlango kuziba mwanya. Mwanangu alileta pia makomeo mawili. Niliyakataa.

"Komeo kati yangu na mkamwana wangu ni tusi. Watu watasema mnamfungia mzee kama mbuzi."

"Watu gani wataingia humu, baba?"

"Hawaingii. Wanasikia."

Tulitoka asubuhi kwenda mnada wa Sepuka. Mwanangu aliendesha, mkewe alikwenda kulala nyuma kwa sababu alikuwa amekesha akipanga nguo. Nilifunga mlango wangu, nikakaa kitandani kuutazama, nikiona fahari. Tulipoingia lami mlango ukaanza kwenda wenyewe, polepole, kama mtu anayenyata. Kabla sijaushika nikaona na wa kule nyuma umekwenda vilevile. Mkamwana wangu alikuwa amelala, kichwa wazi, mguu nje ya shuka.

Niligeukia dirishani. Sikujua nifunge, niite, au nijifanye nimelala. Uani milango ile haikusogea hata kwa upepo. Tulipofika Ikungi nikamwambia mwanangu asimame, nikashuka na mfuko wangu.

"Nitapata lifti ya kurudi."

Alinitazama bila kuelewa. Mkewe ndiye aliyekuja, kajifunga kilemba, akapiga goti mbele yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alikuwa ameniamkia tayari asubuhi.

"Mlango umefunguka wenyewe. Wewe hukuufungua."

"Najua."

"Sasa mbona unashuka?"

Nilijua tu kwamba nikirudi Mkiwa siku ile sitatoka tena, na kwamba yeye naye alilijua hilo.

Mwanangu alikuwa amesogeza basi mahali tambarare. Alichukua pima maji yangu akailaza sakafuni, povu likakaa katikati. Akaiinua akaiweka kwenye reli, povu likakimbilia mwisho. Nikaitazama mara nyingi, kule na huku. Haikuwa imedanganya uani, na pale Ikungi haikudanganya. Nilichokipima ni mteremko wa ua wangu, nikakifunga kwa skrubu ndani ya gari linaloondoka.

"Ulisema sakafuni," nikamwambia mwanangu.

"Nilisema."

"Heri ningekusikiliza."

Nikashusha ncha ya kushoto ya kila reli, nikipima kutoka sakafuni kwa utepe. Vile vipande nilivyobandika vikaanza kukwaruza, nikavitoa. Nilipomaliza niliuliza yale makomeo yako wapi, nikidhani tumeyaacha nyumbani. Mkamwana akayatoa kwenye mkoba wake. Nilifunga moja upande wao, na la pili akanionyesha mahali: upande wangu.

"Ili wewe ndiye ufunge, baba."

Tuliendelea na safari. Nilifunga komeo langu, nikasikia na lake likigonga kule nyuma, nikasubiri nione kama nimetukanwa. Bado nilikuwa nasubiri basi liliposimama Sepuka, kelele za mnada zikaingia dirishani.

"Hodi, baba. Chai," mkamwana wangu aliita.

"Karibu."

Nikafungua komeo, nikausukuma mlango kwenda mbele, kama milango yote ya maisha yangu. Ukagoma. Nikausukuma tena kwa bega.

"Pembeni, baba," akasema kutoka upande wa pili.